Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuijue Nyumba Kabla ya Kuinadi

Ndugu wanachama, mawakala wenzangu wa nyumba,

Katika eneo letu hapa Nairobi, kuanzia Roysambu na Zimmerman hadi Kasarani, Mwiki na Kahawa West, majengo mapya yanaendelea kuota huku nyumba nyingi za zamani zikikaa wazi miezi miwili au mitatu. Landlodi hupaka rangi, huweka vigae, hubandika tangazo getini, na bado hapati mtu. Mpangaji wa sasa anauliza maji kwanza, stima pili, kodi tatu. Wakala asiye na jibu la maswali mawili ya mwanzo hana haja ya kulifikia la tatu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo tunapopoteza wapangaji wengi. Nairobi hutegemea kwa kiasi kikubwa bwawa la Ndakaini, na mitaani maji ya mfereji huja kwa zamu. Kila jengo litakwambia lina maji; uliza lina akiba ya siku ngapi. Chukua jengo la nyumba 24, watu watatu kila nyumba, lita 50 kwa kila mtu. Hizo ni lita 3,600 kwa siku. Mfereji ukikauka siku tano mfululizo, jengo linahitaji lita 18,000. Landlodi mwenye tangi moja la lita 10,000 juu ya paa atakaukiwa siku ya tatu, boza, yaani lori la maji, litaitwa, na gharama itaishia kwa wapangaji ambao hawakuambiwa mapema. Mgogoro huo ulianza siku wakala alipoonyesha nyumba bila kupanda hadi juu ya paa.

Kagua pia tangi la chini. Presha ya mfereji mara nyingi haitoshi kupandisha maji hadi ghorofa ya nne, kwa hiyo bila tangi la chini na pampu, tangi la paani halijai hata siku ya zamu. Pampu ikiwa moja tu, uliza nani huitengeneza na kwa muda gani. Nyumba za ghorofa ya juu kabisa ndizo huleta malalamiko ya ajabu: mpangaji anasema shawa ya umeme ni mbovu, fundi anabadilisha mbili, na bado haiwaki. Kumbe tangi limekaa mita moja tu juu ya bafu, maji yanashuka polepole, na shawa ile haiwaki bila msukumo wa kutosha. Dawa ni kuinua tangi juu ya fremu ya chuma au kufunga pampu ndogo ya kusukuma maji. Maji ya kisima nayo yana mambo yake. Maji ya chini ya ardhi hapa Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi na mengine yana chumvi. Mwambie mpangaji anunue shawa ya aina inayotengenezewa maji ya chumvi, na asitegemee kisima kwa maji ya kunywa, hasa akiwa na watoto wadogo ambao meno yao bado yanaota.

Stima haihitaji maneno mengi, ila jambo moja wengi wetu hatulielezi. Tangu Aprili 2023 mteja wa nyumbani huwekwa kwenye kundi la bei kulingana na matumizi yake: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na waliopita 100. Bei ya yuniti hupanda kundi kwa kundi. Bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja, kumi zikichangia mita moja, jumla yao hupita 100 upesi, na yule anayewasha taa na kuchaji simu tu analipa bei ya matumizi makubwa. Kila nyumba ikiwa na mita yake ya tokeni, hilo ni jambo la kutangaza kabla ya vigae.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye kodi. Wapo landlodi wanaokataa katakata kushusha hata shilingi elfu moja. Wawekeeni hesabu mezani. Nyumba ya 15,000 iliyokaa wazi miezi miwili imekula 30,000. Angeipangisha mara moja kwa 14,000, angepoteza 1,000 kwa mwezi, na ingemchukua miezi 30, yaani miaka miwili na nusu, kufikia hasara hiyo hiyo. Hesabu hii hushawishi kuliko maelezo yoyote kuhusu hali ya uchumi. Na landlodi asisahau ushuru: tangu Januari 2024, mwenye kupokea kodi ya makazi inayozidi 288,000 kwa mwaka na isiyopita milioni 15 hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Gharama za ukarabati hazikatwi. Jengo linaloingiza 150,000 kwa mwezi litatoa 11,250, na kiasi hicho kiwe kwenye mpango wake tangu mwanzo.

Sasa jambo linalotuharibia jina. Utapeli wa nyumba za kupangisha una njia moja inayojirudia: mtu anapata ufunguo kwa keyataka (mtunza jengo), anaonyesha nyumba moja kwa watu watano, wote wanatuma dipoziti kwa namba yake binafsi ya M-Pesa, na Jumamosi jioni malori matano yanakutana getini. Msimamo wa kamati ni huu. Mwanachama hapokei shilingi kabla ya kuwa na barua ya mwenye nyumba inayompa idhini. Pesa ziingie kwenye akaunti ya landlodi au ya kampuni, zisipitie simu ya mtu. Ada ya kuonyesha nyumba iachwe kabisa, kwa sababu inamlipa wakala kwa kuzungusha watu badala ya kuwapatia nyumba.

Dipoziti yenyewe huleta ugomvi siku ya kuhama, na ugomvi huo huzuiliwa siku ya kuingia. Pitieni nyumba pamoja na mpangaji: vitasa, vioo, sinki, mifereji, kabati, soketi, rangi ya kila ukuta. Andika namba iliyo kwenye mita ya maji, piga picha, kisha pande zote mbili zitie sahihi na kila mmoja abaki na nakala. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida. Mlango uliovunjwa ni uharibifu. Tofauti hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Upande wa mauzo umepata nafuu kidogo. Kiwango cha riba cha Benki Kuu kilichofika asilimia 13 Februari 2024 kilikuwa kimeshuka hadi 9.5 Agosti 2025. Mkopo wa milioni 6 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 unadai karibu 74,600 kwa mwezi. Ukipatikana kwa asilimia 9.5 ni kama 55,900. Kwa hiyo msimwambie mteja bei ya nyumba peke yake. Mwambieni na ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini: nyumba ya milioni 6 inamdai 240,000 zaidi, na hazimo kwenye mkopo mara nyingi. Muuzaji naye ajue kwamba tangu Januari 2023 ushuru wa faida ya mauzo ni asilimia 15, ulikuwa 5. Aliyenunua kwa milioni 4 na kuuza kwa 6 anaweza kudaiwa hadi 300,000 kabla ya kutoa gharama zinazoruhusiwa, isipokuwa kama aliishi mwenyewe humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Mauzo mengi hukwama hapa, muuzaji akiwa tayari ameahidi pesa zile kwingine.

Kuhusu hati, upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi peke yake hautoshi. Ploti nyingi za Nairobi zinahamishwa kutoka sajili za sheria za zamani hadi ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na namba ya zamani ya ploti, ile ya LR, hugeuka kuwa ya Block. Ukitafuta kwa namba ya zamani usipate kitu, angalia kwanza orodha za ubadilishaji kwenye gazeti rasmi la serikali. Kisha mpima ardhi aliyesajiliwa aende uwanjani kutafuta bikoni (alama za mipaka), kwa maana hati inaweza kuwa halali na ploti unayoonyeshwa ikawa nyingine. Kwa fleti, uliza kama kila nyumba ina hati yake chini ya Sheria ya 2020 ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, na kama hati mama, ile ya ploti nzima, iko rehani benki. Ikiwa iko, mnunuzi asimalize kulipa kabla benki haijaandika kwamba itaiachilia nyumba yake. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hati miliki, na upande wa Mwiki bado kinauzwa kana kwamba ni hati. Ubomoaji wa nyumba kule Mavoko, jirani na Nairobi, Oktoba 2023 uliwakuta watu waliojenga nyumba za kudumu wakiwa na karatasi walizoziamini. Ploti iliyo kando ya mto, baada ya mafuriko ya 2024, tusiiuze bila kumwonyesha mnunuzi mstari wa hifadhi ya mto, usiojengwa ndani yake, ulipo.

Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina. Wanachama ambao bado hawajasajiliwa na bodi inayosimamia kazi yetu chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, wakumbuke kwamba kufanya kazi bila usajili ni kosa la jinai. Kamati itasaidia kupanga stakabadhi za maombi. Fomu mpya ya ukaguzi wa nyumba, yenye sehemu ya maji, mita na orodha ya vifaa, iko kwa katibu. Kila mmoja aijaze kwa nyumba tatu anazotangaza sasa na aje nazo kwenye mkutano mkuu.