Kwa mdogo wangu aliyeniambia kwamba hakuona kitu

Mdogo wangu mpendwa,

Uliniandikia kwamba umekaa jioni tatu mfululizo ukiwatazama ndege wanaotua kwenye mti ulio mbele ya dirisha lako, na kwamba hukuona kitu. Kwa kuwa si wewe peke yako uliyeniletea malalamiko ya namna hiyo, niwie radhi nikikujibu hadharani, jina lako nikiliacha kando.

Lugha yetu inatusaidia katika jambo hili. Kuona humjia mtu bila kumwomba ruhusa. Ukifumbua macho tu, unaona. Kutazama ni kazi, ina mtu anayeifanya na muda anaoutoa. Kuchunguza kunazidi hapo, kwa maana mchunguzi hutazama akiwa na swali. Wewe, kwa jinsi ninavyokuelewa, ulikuwa unangoja kuona. Ulitaka ndege wafanye jambo la ajabu, nao walipokuwa wakila, wakijichokoa manyoya na kugombea tawi, ukayahesabu yote hayo kuwa si chochote.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Julai mwaka 1960, alikuwa na umri wa miaka 26, na sokwe aliowafuata walimkimbia kila alipowakaribia. Kwa miezi kadhaa alichopata ni kuwatazama kwa mbali, kwa darubini, akiwa amekaa kilimani mahali ambapo wao wangeweza kumwona na kumzoea. Kabla mwaka huo haujaisha, alimwona sokwe dume mmoja akichomeka ujani katika kichuguu, akiuchomoa ukiwa umejaa mchwa, na kuwala. Wakati ule wataalamu wengi walishikilia kwamba kutengeneza zana ni jambo la binadamu peke yake. Tendo lenyewe lilikuwa dogo, la mnyama anayekula, yaani sawa kabisa na yale uliyoyatupa wewe jioni tatu.

Sasa nikuulize kuhusu daftari lako. Katika kurasa ulizonitumia umeandika kwamba ndege mmoja "alikasirika". Hasira hukuiona, mdogo wangu. Uliona mdomo uliofunguka, shingo iliyonyooka, labda mabawa yaliyotanuka kidogo, na mwenzake akisogea hadi ncha ya tawi. Hasira uliiongeza wewe, na huenda uko sahihi, lakini ukiandika hasira peke yake umejifungia mlango, kwa sababu baada ya mwezi mmoja hutaweza kurudi kwenye ukurasa ule ukajiuliza kama palikuwa na maelezo mengine. Mimi hugawa ukurasa kwa mstari mmoja: kushoto naandika nilichokiona na saa yake, kulia ninachokidhani. Upande wa kulia nauruhusu uwe na makosa.

Nililijifunza hilo kwa aibu kidogo. Kwa muda wa wiki nzima niliamini kwamba paka mmoja anamwogopa mwenzake, kwa kuwa kila yule wa pili alipotokea, wa kwanza aliondoka kwenye bakuli. Niliwasimulia watu. Baadaye, nikipitia saa nilizokuwa nimeziandika, nikagundua kwamba paka wangu mwoga aliondoka karibu wakati uleule kila siku, hata siku mbili ambazo mwenzake hakutokea kabisa. Kama ningeandika neno "woga" bila saa, ningekuwa bado ninaisimulia hadithi hiyo.

Lipo kosa la hatari kuliko hilo, nalo ni la mtazamaji kusahau kwamba yeye pia yumo katika kile anachokitazama. Mwanzoni mwa karne ya 20, jijini Berlin, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye mmiliki wake, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, aliamini kwa dhati kwamba amemfundisha hesabu. Farasi akiulizwa swali, alipiga kwato chini mara kadhaa hadi afike kwenye jibu, kisha akaacha. Jopo lililomchunguza mwaka 1904 halikupata udanganyifu wowote, na kweli udanganyifu haukuwapo. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907, alifanya jambo ambalo watu hawakuwa wamelifanya kwa utaratibu: alibadilisha hali moja baada ya nyingine na kuandika kilichotokea. Akakuta kwamba Hans hushindwa pale muulizaji mwenyewe asipolijua jibu, na pale anapozuiwa asimwone muulizaji. Ikadhihirika kwamba waulizaji walikuwa wakiinama kidogo wakati wa kungoja, na hesabu ilipotimia walinyanyua vichwa kwa kiasi kidogo mno, bila wao wenyewe kujua, na farasi alisimama hapo. Hata Pfungst, alipokwisha kuijua siri, hakuweza kujizuia kabisa asiitoe ishara ile. Wote walikuwa wakimtazama farasi, naye farasi alikuwa akiwatazama wao kwa makini zaidi. Kwa hiyo ukisogeza kiti chako karibu na dirisha, andika kwamba umekisogeza.

Umeniuliza umtazame ndege yupi, kwa kuwa ni wengi. Jicho likiachwa lijichagulie, litakimbilia mgomvi na mwenye kelele, na mwisho wa jioni utadhani mti mzima ni ugomvi. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani, aliandika mwaka 1974 makala kuhusu tatizo hilohilo. Mojawapo ya njia alizozieleza ni kumchagua mnyama mmoja na kumfuata yeye tu kwa muda uliopangwa kabla, hata kama anasinzia huku wenzake wakipigana kando yake. Jaribu dakika kumi. Zitakuchosha, nakuonya mapema.

Mahali pia huchunguzwa hivyohivyo, na hapo mimi hutafuta kwanza kisicholingana na vingine. Kipindupindu kilipolipuka katika mtaa wa Soho, London, mwaka 1854, wengi waliamini kwamba kinaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alizunguka akiuliza waliokufa walikuwa wakiteka maji wapi, na vifo vingi vikaonekana kukizunguka kisima kimoja cha pampu katika Broad Street. Lakini nguvu ya hoja yake, kwa maoni yangu, imo katika wale waliokwenda kinyume na mpangilio. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu kabisa na pampu ile walinusurika, kwa kuwa walikunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Naye mwanamke aliyeishi mbali, Hampstead, alifariki; alikuwa akiyapenda maji ya pampu ile na kuletewa nyumbani. Hewa ingewezaje kuwaacha wale na kumfuata huyu? Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba, ingawa Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, na uaminifu huo ni sehemu ya uchunguzi.

Kuhusu watu nitasema machache, kwa sababu mtu si ndege. Anajua kwamba anatazamwa, hubadilika kwa kutazamwa, na ana haki ya kukuuliza unaandika nini. Angalia yanayofanyika waziwazi, kama vile nani humpisha nani mlangoni au nani huanza kunyamaza wageni wakiingia, na pale unapoweza kumuuliza mtu, muulize badala ya kumkisia. Usiandike chochote ambacho ungeona haya kumsomea.

Kesho rudi dirishani saa ileile. Andika hali ya upepo, ndege aliyetua kwanza, tawi alilolichagua, na dakika alizokaa kabla wa pili hajafika. Ikiwa hakuna aliyetua, andika kwamba hakuna aliyetua, pamoja na saa. Utakaponiandikia tena nitumie ukurasa wenyewe, usinieleze kilichomo. Nataka kwanza nisome upande wa kushoto.

Wako akupendaye,
Kaka yako