Uvimbe wa neva nyuma ya jicho unaweza kurudi baada ya miaka mingi

Mhariri,

Mgonjwa aliyetolewa shwanoma, yaani uvimbe wa neva, kwenye tundu la jicho huambiwa: haikuwa saratani, nenda kapumzike. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kumgharimu jicho.

Shwanoma huota kwenye ala ya neva, aghalabu neva za hisia zinazopita juu ya jicho. Ni takriban asilimia 1 tu ya uvimbe wote wa tundu hilo. Ikitoka nzima na ganda lake, ni nadra kurudi. Lakini tundu la jicho huchongoka kuelekea nyuma kama faneli, na pale nchani neva ya kuonea imebanana na neva zinazozungusha jicho. Ganda likiwa limeng'ang'ania hapo, daktari hulipasua, hukomba nyama ya ndani na kuacha kipande ili asimpofushe mgonjwa. Hilo ni jambo la busara. Kosa ni kutomwambia mgonjwa, maana kipande kile hukua polepole mno: jicho linaweza kukaa miaka kumi na zaidi ndipo lianze tena kuchomoza.

Kwa hiyo omba nakala ya maelezo ya upasuaji na majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara), uyahifadhi. Tafuta palipoandikwa kama ganda lilitoka lote. Uvimbe wa kovu ukishatulia, baada ya miezi kadhaa, ipigwe picha ya MRI yenye dawa ya kung'arisha, na mng'ao wa mafuta uzimwe; usipozimwa, mafuta yanayozunguka jicho hung'aa na kuficha mabaki. Picha hiyo ndiyo ya kulinganishia zote zitakazofuata.

Kliniki, jicho lipimwe kwa kipimo cha Hertel, kifaa kinachoonyesha jicho limechomoza kiasi gani. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 kati ya macho mawili si ya kupuuzwa. Upana wa kipimo, yaani umbali kati ya miguu yake miwili, uandikwe kila mara, la sivyo namba za mwaka huu hazilinganishiki na za mwaka jana. Nyumbani, inua kidevu upigwe picha kutoka chini. Jicho lililotokeza huonekana wazi zaidi hivyo.

Kuona viwili viwili, au rangi nyekundu kufifia kwa jicho moja, usisubiri tarehe ya kliniki. Na uvimbe ukirudi kwa kasi au kwa maumivu, kinyama kipya kisomwe pamoja na kile cha zamani, kwa sababu, ingawa ni mara chache sana, huweza kugeuka saratani.

Madaktari wa macho