Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: lile shimo lifunikwe kabla hatujazika mtoto

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PAGALE LILILOTELEKEZWA MTAANI KWETU

Nakusalimu kwa heshima zote. Naandika hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwenye ngazi zake, kuanzia kwa mjumbe na Serikali ya Mtaa, kwa Mtendaji wa Kata, mpaka masjala ya ofisi yako, ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hatukusikia tena. Nakala zote ninazo.

Jumamosi iliyopita mtoto wa darasa la pili ametumbukia kwenye shimo la choo la pagale linalopakana na nyumba yangu. Watoto walikuwa wanacheza chandimu, mpira ukavuka, akaufuata. Shimo hilo lilichimbwa ujenzi ulipoanza na halijawahi kuwekewa mfuniko wa zege. Walilifunika kwa mbao, mbao zikaoza, majani yakaota juu yake, na mvua hizi zimelijaza hadi mdomoni. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kijiweni alisikia mayowe, akaingia na nguo zake, akamtoa. Mtoto yu hai. Mama yake ni mpangaji anayeuza mboga, na tangu siku hiyo haendi gengeni kwa sababu mtoto akishtuka usingizini anamtafuta yeye.

Ofisi yako inalijua jengo hili, Ndugu Mkurugenzi. Kwenye ukuta wa mbele bado yanasomeka maandishi ya rangi nyekundu, SIMAMISHA UJENZI, na tarehe chini yake ambayo jua limeshaifuta. Kuna mtumishi wa Manispaa aliyefika pale na kopo la rangi na brashi, akaandika, akaondoka. Ujenzi ulisimama kweli. Baada ya hapo ndipo kero ilipoanza, na hakuna aliyerudi kuuliza nini kinafuata kwenye jengo la ghorofa moja lisilo na paa, madirisha wala mlango.

Uzio wa mabati uliondoka bati moja moja, bila shaka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nondo zimebaki zimechomoza zikiwa na kutu. Jioni wanaingia vijana wa kuvuta bangi, alfajiri wanatoka wengine tusiowajua. Binti yangu anatoka nyumbani kungali giza kuwahi tuisheni. Mwaka jana walimvuta pale kwenye kona wakamnyang'anya simu na begi lenye madaftari yake ya kidato cha nne. Tangu hapo namsindikiza mpaka kituoni, nikirudi nakuta wateja wa maandazi wameshaenda kwa mwingine. Vyumba viwili nilivyokuwa napangisha upande huo vimebaki vitupu. Mtu akija kuangalia anasikia harufu, anachungulia dirishani, anasema atanipigia.

Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu tofali kwa tofali. Walionishauri nihame wanieleze niende wapi.

Halafu kuna mbu. Kwenye sakafu ya juu ya pagale kuna ndoo za rangi, matairi na madimbwi ya maji ya mvua. Jiji hili limeshapata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza anauma mchana, anazaliana kwenye maji yaliyotuama kwenye vyombo kama hivyo. Chandarua kitanisaidia nini saa nne asubuhi nikiwa jikoni? Bwana afya alikuja, akapiga picha, akatushauri tuangamize mazalia ya mbu kwenye makazi yetu. Ya kwetu tuliyaangamiza. Yale ya jirani asiye na jina tuyafanyeje?

Maana mwenyewe hatumjui. Wapo wanaosema alifariki na watoto wanagombea mirathi mahakamani. Wengine wanasema yuko ughaibuni, wengine wanasema ni mtu mzito ndiyo maana faili halisogei. Mimi naona inawezekana ni mkopo wa benki uliomshinda, lakini siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba kiwanja kimepimwa na kibali cha ujenzi hutolewa na ofisi yako. Jina lake mnalo.

Na uwezo mnao. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inairuhusu halmashauri kumpa mwenye eneo notisi aondoe kero, na asipotekeleza, iiondoe yenyewe na kumdai gharama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja kutelekeza ardhi kwa miaka isiyopungua miwili kuwa moja ya sababu za Rais kufuta milki. Sidai mtu anyang'anywe kiwanja chake. Nakumbusha tu kwamba hatuombi kitu kisichokuwepo kwenye sheria. Tangu Agosti 2021 mimi nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU kila mwezi ninaponunua umeme. Pagale halina mita, halikatwi hata senti, na ndilo linalokula afya yetu.

Kwenye mkutano wa mtaa kabla ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 2024, afisa uliyemtuma alisimama mbele yetu akasema notisi itatoka ndani ya mwezi mmoja. Tulimpigia makofi. Mwezi ule uliisha, na mingine mingi imeisha baada yake. Kila tukiuliza tunaambiwa suala linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi na nani? Kwa nini huyo mtu haonekani?

Usidhani tumekaa tu. Tulichanga, tukanunua dawa ya mbu, vijana wakaleta fyekeo na mapanga, tukafyeka eneo lote la mbele. Siku ya pili akaja mtu aliyejitambulisha kuwa msimamizi wa eneo, akatutishia polisi kwa kuingia kwenye mali ya mtu. Mwenyekiti wetu akatuomba tusimame mpaka Manispaa itoe maelekezo. Tulitii. Lile shimo lilikuwa nyuma, hatukuwa tumelifikia.

Nilitaka kukuomba uzio, pagale lisafishwe, mwenyewe aitwe, askari wapite usiku. Yote hayo nayataka bado. Lakini kama ofisi haina bajeti, kama kuna kesi, kama kuna mkubwa, basi acha hayo yote yasubiri. Shimo haliwezi kusubiri. Watoto wa mtaa huu ni wengi na shule zinafunga wiki ijayo.

Mchanga na kokoto tumeshapata, saruji tunachangishana, fundi yupo na hataki malipo. Tunachokosa ni barua yako ya kuturuhusu kuingia na kufunika shimo, yenye sahihi na muhuri, ili huyo msimamizi akija tumwonyeshe. Itume kwa Mtendaji wa Mtaa, sisi tutaifuata. Tunaomba iwe imefika kabla ya Ijumaa.

Wako,
Mjane na mkazi wa mtaa, jirani wa pagale

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa