Kwa nini mche wetu wa pentasi ni elfu tatu wakati porini upo bure

Swali hili tunaulizwa kitaluni kwetu Mbeya kila mvua zikianza, na wengine wanauliza kama tumewaibia.

Ni kweli pentasi ni ua la kwetu. Linaota lenyewe Afrika Mashariki, kwenye nyasi na kingo za misitu, na likishika linadumu miaka. Tatizo ni njia ya mkato. Mtu anang'oa shina lililokomaa, analitia kwenye mfuko, anakuja kulipanda nyumbani. Mizizi imebaki kule kule. Mwezi hauishi, limekauka. Mteja wetu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, alilipa bodaboda kwa kazi hiyo zaidi ya bei ya miche yetu. Wapo hata wanaotaka tuwaletee maua ya Kitulo! Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Hatung'oi kitu humo, kwa bei yoyote.

Mbegu za pentasi ni vumbi tupu na zinataka mwanga ili ziote, ukizifukia umezipoteza. Sisi tunatumia vipandikizi vya ncha, yaani ncha za matawi zilizokatwa. Vinakaa kivulini wiki kadhaa hadi vitoe mizizi, vinahamia kwenye viriba (vifuko vya kukuzia miche), tunavikata ncha vichipue matawi, kisha tunavikomaza juani. Hiyo ndiyo elfu tatu.

Lalamiko la pili ni la wanaopanda pentasi ili zivute vipepeo: "Vipepeo hawaji." Mama mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya alituita matapeli, tukaenda kwake. Pentasi zimenawiri kweli, majani matupu, ziko chini ya mparachichi na zimewekewa mbolea ya urea. Ua hili linataka jua la kutosha na samadi kidogo iliyooza. Urea inakuza majani. Pembeni kulikuwa na mlimao uliopigwa dawa kwa sababu ya viwavi. Viwavi wale wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, wakikua ni kijani, na ukiwagusa wanachomoa pembe ya rangi ya chungwa. Ndio wanaogeuka kuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mama alikuwa akiwaua vipepeo aliokuwa akiwasubiri. Tulihamishia miche juani, akaacha dawa, viwavi akawaachia tawi lao. Sasa vipepeo wanakuja, naye amenunua miche mingine.

Wateja wa Makete na Njombe, sakitu (umande unaoganda kwa baridi) ya Juni na Julai inaunguza pentasi. Zifunikeni kwa nyasi kavu usiku, na msikate matawi yaliyoungua mpaka baridi iishe.