Somo, mwaka huu tukatafute jike la elki

Aurora, Colorado
Februari

Kwako Somo,

Assalaam alaykum. Shemeji hajambo, na watoto? Sisi wazima. Theluji ya juzi imenifungia ndani siku mbili, basi nikaona nikujibu kwa urefu lile uliloniuliza kwenye simu: nyama ya elki, yule kulungu mkubwa wa huku, naipataje, na je, mtu wa mshahara kama wetu anaiweza? Nimecheka peke yangu, maana ulipokuja kwangu Januari ile sahani uliisogeza kwa kidole ukasema umeshiba. Wewe, ushibe pilau!

Tuanze na hilo la uhalali wake. Nilimuuliza sheikh wetu hapa. Akasema mnyama wa jamii ya kulungu hana tatizo. Risasi inatoboa, haipondi, kwa hiyo ukipiga Bismillah ukafyatua, na ukamkuta ameshakufa kwa risasi hiyo, ni halali. Ukimkuta bado ana uhai, unamchinja. Mimi kisu nakiweka kiunoni, si kwenye begi. Shaka yako sasa ihamie kwenye mambo mengine, yako mengi.

Elki ukimweka kwa wanyama wa kwetu yuko kati ya tandala na pofu. Dume ndilo wanalolitafuta watu kwa ajili ya pembe, na kuna maeneo wanakusanya pointi, zile unazopewa ukikosa leseni kwenye droo, miaka na miaka ili wapate leseni ya dume tu. Sisi pembe tutazitundika wapi, kwenye apatimenti? Jike nyama yake laini zaidi, na leseni zake hutolewa nyingi kwa sababu serikali ya jimbo hupunguza kundi kwa kupunguza majike. Jike mmoja mzima, ukishatoa mifupa, anakupa kilo 60 hadi 70 za steki. Wiki iliyopita nimenunua mbuzi kwa dola 11 ratili moja, na nusu yake mfupa. Piga hesabu mwenyewe.

Na hapa ndipo bahati yako ilipo. Umehama Iowa tangu Juni, umeshatimiza miezi sita mfululizo Colorado, kwa hiyo wewe ni mkazi. Mkazi analipa dola 60 na ushee kwa leseni ya elki. Mgeni wa jimbo lingine analipa zaidi ya 500 kwa jike huyo huyo. Kuna leseni ndogo lazima uwe nayo kwanza ndipo uruhusiwe kuomba, na stempu ya mazingira, ile ada ya kutunza makazi ya wanyamapori. Weka dola 130, chenji itabaki. Ila huombi chochote bila kadi ya kozi ya usalama wa uwindaji. Kila aliyezaliwa kuanzia 1949 anatakiwa awe nayo, na hatujafika umri huo, Somo, hata kama magoti yanasema vingine. Kozi ifanye mwezi huu huu. Kadi yake ni ya maisha.

Maombi ya droo, ile bahati nasibu ya leseni, yanafungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili, saa 2 usiku. Tuombe kama kundi: tunapata sote au tunakosa sote. Ukiangalia orodha, chunga leseni zilizoandikwa ardhi ya watu binafsi. Kuzipata ni rahisi, halafu unakuja kugundua mwenye ranchi hataki kukuona. Mimi nataka ardhi ya umma upande wa Craig, kama saa nne kwa gari kutoka kwangu, msimu wa nne wa bunduki. Ni siku tano tu, kabla ya sikukuu ya Thanksgiving ya Novemba. Baridi yake usiulize, lakini theluji inawashusha wanyama kutoka juu milimani, na sisi si vijana wa kupanda.

Sasa nikwambie yaliyonipata Novemba, maana pesa hailiwi na leseni. Nilimpiga jike saa 10 na nusu jioni. Risasi moja, akaanguka palepale, nikasema alhamdulillah. Kumbe nimempiga bondeni, gari liko maili moja na nusu juu ya mlima. Nilimpasua kwa tochi ya kichwani, mvuke wa tumbo ukipanda usoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na nilipoviingiza ndani kufuata ini ndipo vikapata joto. Paja moja la nyuma peke yake lilinishinda kulibeba. Safari nne. Ya mwisho nimefika kwenye gari saa 9 usiku. Kwa uchovu nikapeleka kila kitu kwa mkata nyama mmoja, akanitoza dola 420, na mifuko aliyonirudishia sina hakika yote ni ya ng'ombe wangu. Nikisema ng'ombe unanielewa, Waamerika jike la elki wanaliita "cow".

Kwa hiyo mwaka huu nina masharti mawili. Mnyama akiwa bondeni mbali na njia, tunamwangalia tu. Na mkata nyama ni wewe. Miaka mitatu umesimama kwenye mstari wa mapaja kiwanda cha nyama, visu vyako vinanyoa ndevu, halafu nimlipe mtu mwingine? Garaji yangu ina meza. Nimeshanunua kile kitoroli cha plastiki watoto wanachotelezea kwenye theluji, paja linakaa humo vizuri na unalivuta kwa kamba. Ukichuna, kiwele kiache kimeshikana na pande moja la nyama mpaka tufike nyumbani, askari wa wanyamapori akitusimamisha ndicho atakachotaka kuona, ajue ni jike. Kichwa pia tunakibeba, tukipeleke kupimwa ule ugonjwa wa kudhoofisha kulungu unaoharibu ubongo. Majibu yakirudi mabaya, nyama tunaitupa yote. Mke wangu haingizi kitu kwenye friza kabla ya majibu.

Bunduki ninayo ya .308, na jirani yangu ataazimisha ya pili. Kabla ya Oktoba twende uwanja wa shabaha mara tatu au nne. Kila mtu anapiga wake, sheria hairuhusu nikupigie wako. Nguo ya rangi ya chungwa ya kung'aa, fulana na kofia, nitakununulia mimi. Moteli tutagawana, mafuta tutagawana, na chai ya tangawizi shemeji atujazie thamosi mbili.

Halafu mwambie nyama hii haina mafuta. Akiipika kama ya ng'ombe inakauka, inakuwa kamba. Kwangu inalala kwenye papai bichi usiku mzima, kisha inaingia kwenye nazi.

Nijibu kabla ya Machi 15 kama kozi umeianza, nipate kutafuta namba za maeneo. Na visu usivipeleke kunolewa kwa mtu, vije hivyo hivyo.

Wasalaam,
Somo yako