Barua kwa Rehema kuhusu virusi vilivyobaki ndani ya DNA yetu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na wote ulio nao. Katika barua yako uliniuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba sehemu ya DNA ya binadamu imetokana na virusi, na kama ni kweli, vimewekwa humo kwa faida gani. Swali la kwanza nalijibu kwa neno moja: ndiyo. La pili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, kwa kuwa limeshika tangu mwanzo kwamba kilichomo ndani yetu kiliingia kwa ajili yetu, nami naamini kwamba hapo ndipo wasomaji wengi wa habari hizi wanapopotea.

Ramani ya kwanza ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yetu yote kwa pamoja, ilipochapishwa mwaka 2001, ilidhihirika kwamba maelekezo ya kutengeneza protini hayafiki hata asilimia 2 ya DNA yetu, ilhali takriban asilimia 45 ni vipande ambavyo wakati fulani viliweza kuhama au kujinakili kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Aina moja, iitwayo Alu, ina herufi 300 hivi tu (herufi ni vijenzi vidogo vinavyofuatana kwenye uzi wa DNA), lakini nakala zake ndani yetu zinazidi milioni moja. Nyingine, iitwayo LINE-1, ina nakala zipatazo nusu milioni, ingawa nyingi zimekatika au zimeharibika, na ni kama mia moja tu ambazo bado zina uwezo wa kujinakili. Mabaki ya virusi vya retro, yaani virusi vya ukoo mmoja na HIV, yanachukua karibu asilimia 8. Ukilinganisha hesabu hizo utaona kwamba tunabeba masalia ya virusi mengi kuliko maelekezo ya protini zetu wenyewe.

Aliyegundua kwamba DNA inaweza kuhama ni Barbara McClintock wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1940 alichunguza madoa ya rangi kwenye punje za mahindi na kutambua kwamba kuna vipande vinavyong'oka kwenye kromosomu na kujipachika penginepo. Wataalamu wengi hawakumwelewa kwa muda mrefu; Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983. Sasa tunajua kwamba uhamaji huo una njia kuu mbili. Vipande vingine hukatwa na kubandikwa upya, kama alivyoona yeye. Vingine hubaki vilipo, lakini hutoa nakala ya RNA, molekuli inayofanana na DNA, na nakala hiyo hugeuzwa kuwa DNA mpya inayopachikwa mahali pengine, kwa hiyo idadi yake huongezeka kila mara tendo hilo linapotokea. Kimeng'enya kinachoweza kusoma RNA na kuandika DNA kilitangazwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, na waliking'amua katika virusi. Virusi vya retro hutumia njia hiyohiyo kuingia kwenye kromosomu za seli vinayoishambulia.

Kwa kawaida seli iliyoambukizwa hufa pamoja na mwenye mwili, na habari huishia hapo. Ikitokea, hata hivyo, virusi vikaingia kwenye seli inayozaa yai au mbegu ya kiume, na kiumbe kikazaliwa kutokana nayo, kila seli ya mtoto huyo itakuwa na virusi hivyo, naye atavirithisha kwa wanawe. Jambo hili linaendelea leo huko Australia kwa koala. Koala wa Queensland, kaskazini, wamekwisha kurithi virusi vya retro ndani ya jenomu zao, ilhali kusini wako wengi ambao hawajavirithi kikamilifu. Tena virusi hivyo vinahusishwa na saratani za damu zinazowaua wanyama hao. Tunachokiona kwa koala ndicho kilichowapata wahenga wetu mara nyingi, na hakuna mtu atakayemtazama koala mgonjwa akasema kwamba virusi vimekuja kumsaidia.

Sasa nikupeleke kwenye mfano unaonishangaza kuliko yote. Virusi vya retro vina protini ya nje inayoviwezesha kuunganisha utando wao na utando wa seli, ili vipate kuingia. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba protini ya namna hiyo, iliyoachwa na virusi vya kale katika jenomu ya binadamu, hutengenezwa kwa wingi katika kondo la nyuma, na kazi yake huko ni kuunganisha seli ndogondogo ziwe tabaka moja lisilo na mipaka, ambalo kwalo mtoto tumboni hupokea chakula na hewa kutoka katika damu ya mama. Protini hiyo imeitwa sinsitini. Panya wa maabara nao wana sinsitini, na jeni yake mojawapo ikiondolewa, vijusi hufa tumboni. Lakini sinsitini ya panya haikutokana na virusi vilivyotupatia yetu! Wanyama wanaokula nyama wana ya kwao, wanyama wanaocheua wana ya kwao, na hata mijusi fulani wanaozaa watoto wana ya kwao, kila ukoo ukiwa umeipata kutoka kwa virusi tofauti na kwa wakati tofauti. Silaha ya kuvamia seli imegeuzwa kiungo cha uzazi, si mara moja bali mara nyingi, na hilo linanionyesha kwamba virusi havikuwa na nia wala mpango wowote. Vilikuwa vimeacha tu chombo kilicho tayari, na uteuzi wa asili ukakitumia kila ulipokikuta.

Mfumo wetu wa kinga una historia inayofanana na hiyo. Vimeng'enya vinavyokata na kuunganisha DNA ili kupata aina zisizohesabika za kingamwili vimetokana na kipande cha DNA kilichokuwa kikijikata na kujibandika, na mwaka 2016 jamaa yake aliye hai alielezwa kutoka kwa amfioksi, mnyama mdogo wa baharini asiye na uti wa mgongo. Mwaka huohuo ilijulikana pia kwamba wale nondo wa Uingereza waliogeuka weusi wakati wa moshi wa viwanda walipata rangi hiyo kutokana na kipande kinachohama, chenye herufi 22,000 hivi, kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo cortex.

Usinielewe kwamba kila nakala ina kazi. Nyingi zaidi hazina, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu kipande kinachojinakili hakihitaji kumfaa mnyama ili kienee. Kinahitaji tu kutomdhuru kupita kiasi. Ndiyo maana samaki aitwaye kambaremamba wa Australia ana jenomu yenye herufi bilioni 43, karibu mara kumi na nne ya yetu, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni nakala za vipande vya namna hii. Madhara nayo ni ya kweli. Mwaka 1988 ilithibitishwa kwamba wavulana wawili wasio na undugu walikuwa na hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, kwa sababu LINE-1 ilikuwa imerukia ndani ya jeni ya kugandisha damu, na mama zao hawakuwa na badiliko hilo. Kwa ajili ya hatari kama hiyo, wanyama wamejijengea ulinzi mzito: alama za kemikali zinazonyamazisha DNA, RNA fupi zinazowinda nakala katika seli za uzazi, na mamia ya protini ambazo kazi yake kuu ni kutambua mifuatano ya wavamizi na kuifunga.

Mfano wa mwisho unabeba faida na hasara kwa pamoja. Mwaka 2024 watafiti walieleza kwamba Alu moja, iliyojipachika katika jeni TBXT kwa wahenga wa masokwe na binadamu, hubadilisha jinsi maelekezo ya jeni hiyo yanavyounganishwa, na kwamba panya waliopewa badiliko linalofanana nalo walizaliwa na mkia mfupi au bila mkia kabisa. Baadhi ya panya hao, hata hivyo, walikuwa na kasoro za uti wa mgongo zinazofanana na zile zinazowapata watoto wa binadamu hadi leo. Ukiniuliza kama Alu hiyo ilitufaa, nitakujibu kwamba ilitubadilisha. La faida hebu lifikirie wewe, kisha uniandikie ulivyoona.

Akupendaye,
Mwanaidi