"Mfumo umekataa" si jibu la meneja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Habari mliyoitoa kwenye ukurasa wa biashara, ile ya wakurugenzi waliokutana hotelini kuelezana jinsi akili mnemba inavyowasaidia kufanya maamuzi haraka, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu aliwauliza kila kitu: gharama, kasi, faida. Hakuwauliza uamuzi ukienda kombo anajibu nani.

Mimi ni mfanyabiashara wa jumla hapa Ngamiani, Tanga. Nauza unga, sukari, mafuta ya kula na sabuni, na mzigo mkubwa nachukua mali kauli, yaani nachukua kwanza nalipa baadaye, kwa kampuni moja ya usambazaji. Meneja wa tawi wa zamani alikuwa akija dukani mwenyewe. Anaingia stoo, anagonga madumu, anauliza ngano inatokaje, anafungua daftari langu la madeni na kusoma majina. Alijua wateja wangu wengi ni wenye maduka madogo ya Muheza, na kwamba malori ya wanunuzi kutoka Kenya yakichelewa kuja kubeba machungwa, pesa inachelewa kwa mkulima, kwa mwenye duka, na mwisho kwangu. Msimu ulipokuwa mbaya aliniongezea muda na nikalipa deni lote. Hakuwa mtu laini. Aliwahi kuninyima mzigo mbele ya wateja nikatoka nimefura, lakini sababu alinieleza machoni, na nilijua wa kugombana naye ni nani.

Ameondoka, na mfumo umeingia. Kabla ya Ramadhani iliyopita, wakati ambao kila muuza jumla wa pwani anajaza stoo ya sukari, ngano na tende, kiwango changu cha mali kauli kilikatwa zaidi ya nusu. Taarifa ilikuja kwa ujumbe wa simu. Nikaenda tawini. Meneja wa sasa ni kijana, ana adabu, alinipa kiti na maji, kisha akanigeuzia kompyuta yake nione. Jina langu lilikuwa pale, na pembeni yake kisanduku chekundu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, hata mimi hakinionyeshi kwa nini. Mfumo ndio umeamua." Nikamuuliza kama ingekuwa juu yake angefanyaje. Akajibu bila kusita kwamba angenipa mzigo wote, kwa sababu anaziona ankara zangu na zote zimelipwa. Nikamwambia, basi nipe, wewe si ndiye meneja? Akatazama mlango, akashusha sauti, akaniambia hana ruhusa ya kuupinga mfumo, na akijaribu inaandikwa kwenye tathmini yake ya mwaka. Mhariri, tafakari hilo. Mtu ana cheo, ana ofisi, ana gari la kampuni, anakubali kwamba ninaonewa, na mkono wake umefungwa na kitu ambacho hawezi hata kukiuliza swali! Nikaandika malalamiko makao makuu, kurasa mbili, nikaeleza habari ya machungwa na msimu. Jibu lilirudi kabla sijafika nyumbani. Lilisema wanaelewa kabisa hisia zangu, wananishukuru kwa uaminifu wangu, na kwamba kwa ufafanuzi zaidi niwasiliane na meneja wa tawi langu. Hakuna jina chini yake. Ramadhani hiyo nimewarudisha wateja wa miaka mingi mikono mitupu, watu ambao nao wana wateja wao vijijini, na hadi leo hakuna binadamu hata mmoja aliyesimama akasema: mimi ndiye niliyekukatia.

Wakurugenzi wenu wakidhani haya ni malalamiko ya mama wa dukani asiyeelewa maendeleo, basi watazame huko walikoinunua teknolojia yenyewe. Kanada, shirika la ndege la Air Canada lilikuwa na mashine ya kujibu wateja kwenye tovuti yake. Ikampa abiria aliyefiwa na bibi yake maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, yaani punguzo la nauli kwa wafiwa. Alipodai fedha zake, shirika likajitetea mbele ya baraza la usuluhishi kwamba mashine ile inawajibika yenyewe kwa matendo yake. Baraza lilikataa hoja hiyo Februari 2024 na kuliamuru shirika lilipe. Sweden, kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Klarna ilitangaza mwaka huohuo kwamba msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi ya watu 700, na mwaka 2025 mkurugenzi wake mkuu, Sebastian Siemiatkowski, akakiri kwamba ubora wa huduma ulishuka, wakaanza kuajiri watu tena. Na Uingereza, ambako hata akili mnemba haikuhusika, ilikuwa programu ya mahesabu tu iitwayo Horizon, wakubwa wa shirika la posta waliamini kompyuta kuliko wasimamizi wa vituo vyao wenyewe. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa ushahidi wa mfumo mbovu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wapo waliokufa kabla hawajasafishwa. Hukumu nyingi kati ya hizo Bunge lilizifuta kwa sheria mwaka 2024. Hayo ndiyo yanayotokea kiongozi akiacha kuuliza.

Na hili nalo niliseme, kwa kuwa linatoka kwenye tabia ileile ya kuiachia mashine kazi ya binadamu. Dereva aliyekuwa akituletea mzigo kutoka kampuni hiyohiyo alifariki. Tulimpenda, usiku wa mvua alishusha viroba kwa mikono yake ili visilowe. Msibani ikasomwa salamu ya rambirambi kutoka kwa mkurugenzi. Ilimsifu marehemu kwa "maono yake ya kimkakati" na "mchango wake katika kukuza chapa." Mjane aliinua uso kutazama kama wamekosea karatasi. Mzee mmoja akauliza kwa sauti huyu anayesemwa ni nani. Kiongozi asiyeweza kutafuta maneno matano ya kwake mwenyewe kwa ajili ya mtu aliyemfanyia kazi mpaka kufa, sijui anaongoza nini.

Sipingi mashine. Hesabu za stoo yangu ziko kwenye simu na zinanisaidia kila siku. Ninachopinga ni mtu kuchukua mshahara wa kuamua, kisha uamuzi ukaachiwa kitu kisichoweza kuitwa ofisini kikajieleza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mitambo peke yake. Nani katika wakurugenzi wale amewaambia wateja wake kwamba haki hiyo ipo?

Pendekezo langu ni hili. Kila barua ya kumkatalia mteja iwe na jina, cheo, namba ya simu na saini ya kalamu ya mtu mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi huo. Meneja wa tawi asiadhibiwe kwa kuupinga mfumo akiwa na sababu alizoandika. Na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, mkurugenzi mkuu akae kaunta ya tawi moja la mkoani, kompyuta imefungwa, awasikilize waliokataliwa mmoja mmoja. Aanze na Tanga. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanafika stendi yetu ya Kange kila siku, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni na daftari langu.

Nawe mhariri, mwandishi wako akirudi kwa wakurugenzi wale awaulize: tangu mfumo uingie, maamuzi yake mangapi yametenguliwa, na nani aliyatengua? Majibu yao myachapishe ukurasa uleule mliowasifia.

Mfanyabiashara wa jumla,
Ngamiani, Tanga